Naomba ushauri: simu mpya ya daraja la chini au ya daraja la juu iliyotumika?

Wakuu, habari zenu. Simu yangu imechoka na nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni Android mpya kabisa ya daraja la chini: RAM GB 4, hifadhi GB 64, betri mAh 5,000. Ya pili ni ya daraja la juu iliyotumika, bei ileile, kamera nzuri na hifadhi GB 256.

Matumizi yangu ni WhatsApp, picha za watoto, ramani na programu ya benki. Michezo sichezi.

Kwa iliyotumika naogopa betri. Hizi za lithiamu huchoka kadiri unavyozichaji, hata kama simu yenyewe inang'aa. iPhone huonyesha afya ya betri kwenye mipangilio, ila Android nyingi nilizoshika hazionyeshi. Mnapimaje? Halafu kuna masasisho ya usalama. Google iliahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8 ya mwaka 2023, lakini simu zake za kabla ya hapo hazikupata bahati hiyo, na nyingi za bei ya chini ndiyo kabisa. Kwa mtu mwenye benki ndani ya simu, hilo si dogo.

IMEI (namba ya utambulisho wa simu) najua kuiangalia kwa *#06#, pia kuhakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake. Nikague nini kingine kabla sijatoa hela? Na GB 64 zinatosha kweli, wakati mfumo wenyewe unazila kabla hujaweka kitu?

Majibu ya "chukua iPhone" bila sababu hapana, jamani.