Blogu ya viti vyangu haileti wateja, nakosea wapi?

Msusi wa Dunga: Wakuu, nasuka viti na vikapu vya gugu maji hapa Dunga, Kisumu. Nimeandika makala 9: "Sisi ni Nani", "Maono Yetu", "Ubora Wetu". Msomaji ni shemeji yangu tu, na yeye ananidai.

Mama Kibuye: Ndugu yangu, nani hutafuta "Maono Yetu" kwenye Google? Wateja wakikupigia wanauliza nini?

Msusi wa Dunga: Kama kiti kitaota ukungu msimu wa mvua.

Mama Kibuye: Basi kichwa cha makala ndicho hicho: "Je, kiti cha gugu maji huota ukungu?" Jibu aya ya kwanza, usizunguke. Kisha eleza unavyoanika mabua hadi yakauke kabisa kabla ya kusuka. Weka picha ya vidole vyako kazini, ila ipunguze ukubwa. Mwenye bando dogo hangoji. Na bei uiandike! Nikiona "njoo inboksi" mimi huyo naondoka.

Fundi Nakuru: Namba ya WhatsApp iwe chini ya kila makala. Mimi niliisahau miezi miwili nikilaumu mtandao.

Msusi wa Dunga: Asante mama. Naandika ya ukungu usiku huu. Shemeji atangoja.