UZI: Majarida ya "historia ya dunia" yanavyowapiga danadana watafiti wa Unguja na Pemba

Asalaam aleikum wanajukwaa. Huu ni uzi wa hasira, asiyependa makelele apite.

Hebu mtu afafanue. Mtafiti akikaa wiki tatu kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew, Uingereza, akafungua majalada ya FO 84, yaani ya wizara yao ya mambo ya nje juu ya biashara ya utumwa, akaandika juu ya Zanzibar, hiyo ni historia ya dunia. Mwengine akakaa mwaka mzima Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa, akasoma majalada ya AB ya serikali ya kikoloni karatasi kwa karatasi na hati za wakfu za Kiarabu juu yake, akaandika juu ya Zanzibar hiyo hiyo, jibu linarudi baada ya siku kumi, mistari minne: kazi nzuri, lakini ni ya mahali mno, jaribu jarida la eneo lako. Haikufika hata kwa wapitiaji, wale wasomi wanaoipima makala. Mtawala wa hapa na Maskati, Said bin Sultan, alifunga mkataba wa biashara na Marekani 1833, merikebu yake Sultana ikatia nanga New York 1840, vitambaa vya Massachusetts vikavaliwa mpaka bara kwa jina la merikani. Leo sisi ndio "wa mahali". Haya.

Na sisi tusijitoe. Makala nyingi zinazotoka hapa ni sura ya tasnifu iliyokatwa ikabandikwa, bado ndani mna "kama ilivyoelezwa katika sura ya pili". Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, inaanza: "Makala haya yanachunguza historia ya zao la karafuu Pemba." Mhariri anaishia hapo. Karafuu hiyo hiyo ianze hivi: mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyokipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara ya kusafirisha zao hilo, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, India nako karafuu ya Zanzibar ikasusiwa mpaka 1938, na mkulima wa Wete akajikuta bei ya gunia lake imo mikononi mwa siasa za Bombay. Sentensi moja tu, na ncha mbili zipo, kinachopita baina yao kipo, na athari ya kila upande inaonekana. Hicho ndicho wanachokiita muunganiko, wala si kuongeza neno "kimataifa" kwenye kichwa cha makala.

Lakini ncha ya pili lazima iwe na ushahidi wake. Ukiitaja Bombay huku tanbihi zote ni za Kilimani, mpitiaji atasema umesikiliza upande mmoja, na hapo hajakosea. Nauli hakuna, sawa. Kwa karne ya 19, Maktaba ya Kidijitali ya Qatar imeweka bure mtandaoni kumbukumbu nyingi za India Office, ofisi ya Kiingereza iliyosimamia India, zinazohusu Maskati na Ghuba. Ila usitafute "Said bin Sultan" peke yake: maofisa wa Kiingereza walikuwa wakimwandika Imaum of Muscat, na usipoandika walivyoandika wao utaambiwa hakuna kitu.

Sasa hili ndilo linalouma khasa. Kikomo cha maneno. Majarida mengi yanataka kiasi cha maneno 8,000 mpaka 10,000, tanbihi ndani yake. Mwenye vyanzo vya Kiingereza ananukuu mara moja. Mwenye vyanzo vya Kiswahili au Kiarabu anatakiwa aweke tafsiri, na mpitiaji anataka maneno ya asili pia. Piga hesabu: nukuu 20 za maneno 50 ni maneno 1,000 kwa mwenzako, kwako ni 2,000. Umetozwa ushuru wa maneno 1,000 kwa kosa la kujua lugha ya watu unaowaandika! Na hilo hulikuti popote kwenye mwongozo wao. Dawa: tanbihi ya kwanza iseme tafsiri zote ni za mwandishi, maneno ya asili uyabakishe pale tu ambapo hoja imesimama juu ya neno lenyewe, mathalan kama aliyetajwa ni mtumwa, mjoli (mtumwa mwenza) au mzalia (aliyezaliwa utumwani). Yaliyobaki yatie kwenye faili la nyongeza, na umwandikie mhariri KABLA ya kutuma, umuulize kama nukuu za asili zinahesabiwa. Wapo wanaokubali zisihesabiwe, lakini usipouliza hakuna atakayekwambia.

Tarehe nazo. Mwaka 1290 wa Hijria ulianza Machi 1873 ukaisha Februari 1874. Ukiandika "1290 (1873)" kwa kila barua, ile ya Dhulhija, mwezi wa mwisho, umeisogeza mwaka mzima, na kwa anayeandika juu ya mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa, hilo si kosa dogo. Kisha siku yetu inaanza magharibi. Barua iliyoandikwa "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya Kizungu ni ya Alkhamisi jioni. Mpitiaji anaingiza tarehe kwenye kikokotoo cha mtandaoni, anaona imepishana kwa siku moja, anaandika kuwa mwandishi hayuko makini. Weka tarehe zote mbili, na ueleze mapema kwamba mwandamo unaweza kupishana na jedwali kwa siku moja au mbili. Vipimo vivyo hivyo: frasila ni ratili 35 hivi, kilo 16 kasoro kidogo. Ieleze mara moja, basi.

Kuficha jina, maana mpitiaji hatakiwi kujua nani kaandika: kufuta jina juu ya ukurasa wa kwanza hakutoshi. Jina limo kwenye taarifa za faili lenyewe, limo kwenye maoni ya pembeni aliyoyaacha maalim wako, limo kwenye "nilivyoonesha katika kitabu changu". Shukurani zitoe, utazirudisha makala ikishakubaliwa.

Ada! Hapa watu wanaibiwa mchana. Majarida mengi ya historia yana njia mbili: kulipa ili makala isomwe bure na wote, au kutolipa chochote ikasomwa na wenye usajili. Kitufe cha kulipa wamekiweka mbele kama mlango pekee. Chagua njia ya pili, kisha uliza ni lini unaruhusiwa kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo chako. Na jarida linalokubali makala ndani ya wiki moja halafu likatuma ankara, hilo kimbia. Mapitio ya kweli ni miezi mitatu mpaka sita, na ikipita hapo una haki ya kuuliza kwa adabu. Kutuma sehemu mbili kwa wakati mmoja usijaribu, wahariri wanajuana.

NYONGEZA, maana maswali yamekuwa mengi:

Aliyeuliza atapata wapi vitabu na makala wanazomlazimisha azitaje: Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya kitaaluma mtandaoni. Tanzania imo kwenye kundi la bure, ila inayosajiliwa ni taasisi, si mtu. Mbane mkutubi wako.

Wa herufi za Kiarabu zinazogeuka visanduku: mfumo wa jarida wa kupokea makala unalibadilisha faili lako kuwa PDF wenyewe. Hiyo PDF ifungue uisome yote kabla ya kubonyeza kuidhinisha, kwa sababu ndiyo anayoiona mpitiaji. Alama ya ain na zile herufi zenye nukta chini ndizo zinazovunjika kwanza.

Na wewe wa picha za milango. Wanataka nukta 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa nao. Picha ya upana wa sentimita 12 inahitaji pikseli 1,417, simu yoyote ya sasa inatosha. Tatizo unaipeleka kwa WhatsApp kama picha, inabanwa, inafika mbovu. Itume kama faili. Na kama ni picha ya waraka, barua ya ruhusa itaje chapa ya karatasi na ya mtandaoni, dunia nzima, bila kikomo cha muda, kwa sababu ruhusa ya "matumizi ya utafiti" mchapishaji ataikataa na utaanza upya.