Nikivuta pumzi nyingi ili nitulie, kizunguzungu kinanishika. Nakosea wapi?

KeshiaWaZiwani
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni keshia katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, na siku yangu ina saa moja ngumu, nayo ni ya kufunga hesabu jioni, kwa kuwa fedha za kwenye droo zisipolingana na risiti, upungufu hukatwa kwenye mshahara wangu. Ikifika saa kumi na moja moyo huanza kunienda mbio na shingo hukakamaa. Hata nikirudi nyumbani, watoto husema kwamba nawajibu kwa ukali.

Mwenzangu alinishauri nifanye mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu. Kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikiingia stoo, navuta hewa yote ambayo kifua kinaweza kuipokea, naitoa haraka, kisha narudia mara ishirini au zaidi. Badala ya kutulia, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinaingia ganzi pamoja na midomo, na juzi nililazimika kuketi juu ya mifuko ya saruji. Je, zoezi hili halinifai, au kuna mahali ninapokosea?

MuuguziMstaafu
Pole sana, mwanangu. Zoezi linakufaa, ila umelichukua kwa pupa. Damu ya mtu mwenye afya aliyeketi tu huwa tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 au zaidi, kwa hiyo hewa unayoishindilia kifuani haikuongezei kitu cha maana. Unachofanya ni kuondoa hewa ya kaboni dioksidi upesi kuliko mwili unavyoizalisha, na kiwango chake kinaposhuka, mishipa ya damu ya ubongoni husinyaa. Hicho ndicho kizunguzungu chako, na ganzi ya vidole na midomo inatokana na hali hiyohiyo.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, nasi tunataka kushuka hadi 6 hivi. Keti, weka kiganja kimoja kifuani na kingine juu ya kitovu, kisha vuta hewa kwa pua ukihesabu polepole hadi nne, kiasi cha kawaida tu, ukihakikisha kwamba kiganja cha chini ndicho kinachoinuka. Halafu itoe ukihesabu hadi sita, midomo ikiwa imebanwa kidogo kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Nne na sita ni sekunde kumi, kwa hiyo dakika moja inakupa pumzi sita. Dakika tano zinatosha.

Kutoa pumzi kunarefushwa kwa sababu mapigo ya moyo huongezeka kidogo tunapovuta hewa na hupungua tunapoitoa, na neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, ndiyo inayoshika breki hiyo.

SautiYaNneKwayani
Namuunga mkono mama muuguzi. Mimi huimba besi, na jambo la kwanza ambalo mwalimu wa kwaya alinikataza ni kupandisha mabega, kwa maana mabega yakipanda, hewa huishia juu na kiwambo kilicho chini ya mapafu hakishuki inavyopasa. Nadhani hata lugha yetu ililijua jambo hili zamani, kwani mtu aliyepata nafuu tunasema ameshusha pumzi, wala hatusemi amevuta pumzi.

Ukiwa na mteja mbele yako na huna nafasi ya kushika tumbo, vuta hewa kwa pua, ongeza kidogo juu yake kabla hujaitoa, kisha ishushe yote taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, walichapisha mwaka 2023 utafiti kuhusu mtindo huu, na waliofanya hivyo kwa dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja walipata nafuu ya hisia kuliko wale waliofanya tafakuri. Mimi huufanya kila nikingoja zamu yetu ya kuingia madhabahuni, na hakuna anayenigundua.

MhasibuMkaidi
Dada, sipingi pumzi, lakini pumzi haijazi droo. Ikiwa hapo Tanzania Bara upungufu unakatwa bila maelezo, soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachomtaka mwajiri akueleze kwa maandishi sababu na kiasi cha hasara, akupe nafasi ya kupinga, na asikate zaidi ya robo ya ujira wako. Vilevile, hesabu droo mara moja mchana, ili jioni usitafute kosa la siku nzima.

MuuguziMstaafu
Mhasibu amesema kweli. Nami naongeza kwamba ukipata maumivu ya kifua, au moyo ukienda mbio hata ukiwa umepumzika, nenda kituo cha afya ukapimwe. Aliye na pumu asijilazimishe kuhesabu hadi sita. Aanze na tatu kwa nne.

KeshiaWaZiwani
Asanteni nyote, na shikamoo mama. Nimejaribu kwa siku nane. Siku mbili za mwanzo hesabu ya sita ilinishinda, nikaishia tano, lakini kizunguzungu hakijarudi tena. Moyo bado unaanza mbio saa kumi na moja, ila sasa unatulia kabla sijamaliza kuhesabu noti za elfu kumi. Droo ya mchana nimeanza kuihesabu jana, na nimekuta chenji ya mteja mmoja niliyokuwa nimeizidisha asubuhi. Kuhusu kifungu hicho, nitauliza mwisho wa mwezi.