Programu ya simu kwa wagonjwa wa presha: wagonjwa na manesi tuwashirikishe vipi?

FundiSkrini
Wakuu, naomba mwongozo. Tunatengeneza programu ya simu kwa kliniki ya presha ya hospitali ya wilaya, huku Tanzania Bara. Mgonjwa ajipime nyumbani, aingize namba, nesi azione. Uongozi unataka wagonjwa na watoa huduma washiriki tangu mwanzo. Tumepanga kikao kimoja cha watu 20, madaktari na wagonjwa pamoja, tuwaoneshe michoro ya skrini na kuchukua maoni. Mnaona kasoro gani?

Nesi_wa_Kliniki
Kasoro ya kwanza ni kuwachanganya. Mgonjwa akikaa meza moja na daktari anayemwandikia dawa, kila kitu atakisifia. Hatasema kwamba huwa anaruka vidonge hela ikikata, na hilo ndilo mnalotaka kulijua. Wagonjwa 6 hadi 8 wakae peke yao, manesi peke yao, halafu ndipo mkutane wote mkiwa na hoja zilizoandikwa bila majina. Msichague mahodari wa simu tu. Awepo mzee asiyeona maandishi madogo, na mama anayesomewa meseji na mjukuu. Kikao kiwe siku yao ya kliniki, wakishachukua dawa, na nauli walipwe hapohapo.

La pili: usiulize "mnaionaje?" Mpe kazi. Mwekee mashine ya kupimia mezani, mwambie aingize namba anazoziona, kisha nyamaza utazame kidole chake kinakwenda wapi. Mashine nyingi zinaonesha SYS (presha ya juu) juu, DIA (presha ya chini) katikati, PUL (mapigo ya moyo) chini. Skrini yenye kisanduku kimoja itakuletea 148/92, 14892, na mwingine ataweka mapigo ya moyo penye namba ya chini ya presha. Weka visanduku vitatu vilivyopangwa kama kwenye mashine, na programu ikatae namba ya chini ya presha ikizidi ya juu.

Angalia na saa. Kikumbusho cha "8:00" kuna atakayekisoma saa nane. Andika "saa 2 asubuhi", yaishe.

Dkt_Zamu
Nakubaliana na Nesi, ila ningeanzia kwingine: nani atazisoma hizo namba? Kabla ya kuchora skrini ya mgonjwa, kaeni na manesi na mganga mfawidhi mjaze jedwali: kipimo kipi, taarifa iende kwa nani, ndani ya muda gani, na afanye nini. Kwa kuanzia, wastani wa nyumbani ulio chini ya 135/85 hauhitaji arifa yoyote. Ikifika 180/110, mgonjwa aambiwe atulie dakika 5 na arudie; ikibaki hapo, nesi apige simu siku hiyohiyo. Kukiwa na maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito, skrini imwambie aende hospitali sasa hivi, asingoje kupigiwa. Viwango hivyo daktari wenu avipitie na kuvisaini.

Usiku na Jumapili je? Kama hakuna anayetazama, skrini iseme hivyo bila kuficha. Mgonjwa akidhani kuna mtu anamwangalia kumbe hakuna, programu yenu imeshakuwa hatari.

Msitume arifa kwa kila kipimo. Nesi mwenye benchi lililojaa atazizima zote, na ile moja ya maana itapotea humo. Ajipime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, siku ya kwanza itupwe, daktari apewe wastani kwenye mstari mmoja. Grafu za rangi huwafurahisha wafadhili zaidi. Na manesi tayari wanajaza vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya; mkiwataka waandikishe mgonjwa upya kwenye simu, wataacha.

Kitochi
Waulizeni kwanza kama wanaihitaji programu. Kuna utafiti wa Kenya, WelTel, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, wenye wagonjwa 538 wa dawa za VVU katika kliniki tatu. Kila wiki kliniki ilituma meseji "Mambo?", mgonjwa akajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida au aliyekaa kimya alipigiwa simu. Waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa meseji. Simu ya batani inatosha. Meseji isingefika mbali bila yule mtu wa kupiga simu.

FundiSkrini
Nimewaelewa. Na simu inayotumiwa na nyumba nzima?

Nesi_wa_Kliniki
Usiandike "presha" wala jina la dawa kwenye arifa inayotokea skrini ikiwa imefungwa. "Kumbuka saa 2" inatosha, ila maneno yenyewe wayachague wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo ridhaa isomwe kwa sauti kabla ya mtu kusaini. Wekeni namba ya siri ya tarakimu 4. Wengine wataisahau, basi nesi aweze kuifuta hapo kliniki akishahakiki kadi ya mgonjwa. Njia ya kuirejesha kwa barua pepe wengi haitawafaa. Vipimo vikae kwenye simu hata bando likiisha, viondoke vyenyewe mtandao ukirudi. Na mjaribu kwenye simu zao wenyewe, zile zilizojaa picha, maana nafasi ikikosekana programu yenu ndiyo itafutwa kwanza.