The Incredibles nyumbani: tuchague DVD ya 2005, Blu-ray ya 2011, 4K au intaneti?

KitiChaMbele (mleta mada)

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Naomba mnisaidie kuamua jambo ambalo nimelifikiria kwa majuma kadhaa. Nyumbani kwetu tunaipenda mno filamu ya katuni ya The Incredibles, ile ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Brad Bird katika studio ya Pixar, inayohusu familia yenye nguvu za ajabu, yaani Bob na Helen na watoto wao Violet, Dash na mchanga Jack-Jack, na DVD yetu, baada ya kupita katika mikono mingi midogo yenye mafuta, sasa hukwama kila mara pale Helen anapokuwa ndani ya gari akisikiliza ujumbe wa simu wa Kari, yule msichana mlezi. Nimeisafisha kwa kitambaa laini mara kadhaa bila mafanikio, kwa sababu mkwaruzo umeingia ndani.

Ninachotafuta si picha nzuri peke yake. Kwetu sisi, nyongeza zilizo kwenye diski ya pili zimekuwa sehemu ya filamu yenyewe, na mwanangu wa kwanza alianza kuchora katuni zake baada ya kuona jinsi wachoraji walivyoipanga hadithi kwa penseli kabla kompyuta hazijaguswa. Kwa hiyo swali langu ni hili: kati ya DVD ya diski mbili, Blu-ray, 4K na kutazama kwa intaneti, ni ipi itakayotupatia filamu pamoja na nyongeza zake bila kupoteza kilicho cha thamani?

MamaPacha

Mleta mada, karibu sana. Mimi nitaitetea DVD ya 2005 kwa moyo wote, kwa sababu ndiyo iliyotengenezwa na watu waliotoka kuimaliza filamu muda mfupi uliopita, na ukiitazama unahisi kwamba bado walikuwa na hamu ya kusimulia. Ilitoka Marekani mwezi wa Machi 2005, majuma machache baada ya filamu kupata tuzo mbili za Oscar, moja ya filamu bora ndefu ya uhuishaji na nyingine ya uhariri wa sauti.

Chukua Jack-Jack Attack, filamu fupi ya dakika tano hivi iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya diski hiyo. Katika filamu kubwa tunausikia wasiwasi wa Kari kwa simu tu, kisha tunarudi kwenye hatari iliyomkabili Helen na wanawe, na mtoto mchanga anabaki kuwa fumbo hadi mwisho. Filamu fupi inatuingiza ndani ya nyumba usiku ule. Kari amejiandaa vizuri, amechukua hata muziki wa Mozart wa kukuza akili ya mtoto, na mara muziki unapoanza mtoto anapanda hewani, anapita ukutani, anawaka moto na kurusha miale kwa macho. Kuna picha moja fupi ambayo pacha wangu hunitaka niirudie kila mara: Kari, baada ya usiku mzima bila usingizi, ameshika kizima moto mkono mmoja na kioo mkono wa pili, na sasa anairudisha ile miale kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuizoea kazi yake.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba wakala wa serikali anayemhoji Kari, Rick Dicker, anazungumza kwa sauti ya Bud Luckey, na huyo huyo Luckey ndiye aliyeiongoza, kuiandika na kuisimulia Boundin', filamu fupi ya mwanakondoo aliyenyolewa manyoya, ambayo ilioneshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya The Incredibles na imo pia kwenye diski. Watoto wakishaitambua sauti hiyo katika filamu moja, wataitafuta katika zote tatu.

Usisahau pia kutulia kwenye menyu za DVD bila kubonyeza chochote. Baada ya muda, alama ndogo ya roboti Omnidroid hutokea kwenye kona ya juu, na ukiifikia kwa rimoti hufunguka kitu kilichofichwa. Kimojawapo ni mkusanyiko wa vitufe, milango na milipuko kutoka katika filamu nzima. Hakuna orodha inayokuelekeza huko, na kwetu sisi utafutaji huo ulichukua jioni mbili zenye furaha.

FundiDeki

Namheshimu dada MamaPacha na nakubaliana naye kuhusu nyongeza, lakini kuhusu filamu yenyewe sina budi kusema kwamba DVD imepitwa. Picha ya DVD ina mistari 480 katika mfumo wa NTSC (wa Marekani) na 576 katika mfumo wa PAL (wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika), Blu-ray ina 1080, na 4K ina 2160. Kwenye runinga ndogo ya zamani tofauti hiyo haikuonekana sana. Kwenye runinga kubwa ya leo inaonekana hata na mtu asiyeitafuta.

Mahali pa kuipima ni nywele za Violet. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Pixar ambayo wahusika wake wakuu wote ni binadamu, na nywele ndefu zinazoanguka usoni zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatesa sana mafundi wake. Tazama pale Helen na wanawe wanapotoka baharini baada ya ndege kulipuliwa. Kwenye DVD, nywele zilizolowa ni kama kitambaa cheusi kilichobandikwa kichwani, ilhali kwenye Blu-ray unaona vishungi vilivyoshikana kwa maji na vingine vilivyoanza kukauka na kujitenga, nawe unaelewa kwa nini kazi ile ilihitaji subira kubwa.

Nina mambo mawili ya kukuonya kuhusu DVD. La kwanza ni umbo la picha. Filamu hii ni pana, upana wake ukiwa ni kama mara 2.39 ya kimo chake, na kuna toleo la DVD lililotengenezwa kwa ajili ya runinga za zamani za karibu mraba. Kumbuka ugomvi wa mezani, ambapo Helen, ambaye mwili wake hunyumbuka kama mpira, ameinyosha mikono pande zote kuwazuia Dash na Violet huku Bob ameinyanyua meza juu na wote wakining'inia: mchezo mzima umo katika upana huo, na ukiubana, unapoteza jinsi mama alivyovutwa hadi mwisho wa uwezo wake kwa maana zote mbili. Kwa hiyo soma jalada kwa makini, na usiiogope ile mistari mieusi ya juu na chini, kwa maana ndiyo inayokuhakikishia kwamba hukukatiwa kitu.

La pili ni mwendo. Filamu za sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini DVD za mfumo wa PAL huziendesha kwa 25, hivyo filamu hii ya dakika 115 humalizika kwa takriban dakika 110, na sauti isiporekebishwa hupanda kidogo. Wengi hawaitambui tofauti hiyo, ila mwenye sikio la muziki ataisikia katika tarumbeta za Michael Giacchino, mtunzi wa muziki wa filamu hii. Blu-ray haina tatizo hilo, kwani inahifadhi fremu 24.

Penseli

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa vya kutosha, nao ni michoro. Mleta mada ameeleza kwamba mwanawe anachora, na kwa mtoto wa namna hiyo nyongeza yenye faida kuliko zote ni mwanzo wa filamu uliokataliwa, unaooneshwa kwa michoro ya hadithi iliyowekewa sauti.

Katika mwanzo huo, Bob na Helen wanahudhuria sherehe ya kuchoma nyama kwa majirani. Bob anakata nyama, kisu kinamshukia vidoleni, kisu ndicho kinachoharibika, naye analazimika kupiga kelele na kujifanya ameumia. Upande wa pili, Helen anadharauliwa na mgeni mmoja kwa kuwa mama wa nyumbani, na jibu analolitoa ni zito, la mtu aliyewahi kuokoa maisha ya wengi na ambaye hawezi kulisema hilo hadharani. Baadaye Syndrome anawavamia nyumbani. Wakati huo alikuwa adui mdogo tu wa kufungulia hadithi, na adui mkuu alikuwa mhusika mwingine aitwaye Xerek. Timu ilipoona kwamba Syndrome anavutia zaidi, ndipo akapandishwa cheo na Xerek akaondolewa.

Kipo pia kisa cha Snug, rubani na rafiki wa Helen. Katika mpango wa awali yeye ndiye aliyeirusha ndege na kufa ndani yake, lakini katika filamu iliyokamilika limebaki jina lake tu kwenye simu, na Helen anairusha ndege mwenyewe. Mtoto akiiona michoro hiyo kisha akairudia filamu, atatambua kwamba kumwondoa mtu mmoja kulimpa Helen nafasi ya kuonesha ujuzi wake wote katika dakika chache. Sijapata kuona somo la uandishi lililo wazi kuliko hilo, nalo linaeleweka hata kwa mtoto wa miaka tisa.

Sauti za maelezo ziko mbili, moja ya Brad Bird na mtayarishaji John Walker, na nyingine ya wahuishaji. Anzeni na ya Bird. Yeye mwenyewe ndiye sauti ya Edna Mode, mbunifu wa mavazi ya mashujaa, na kuna raha ya pekee kumsikia akieleza filamu huku sauti yake nyingine ikikataza majoho. Ile ya wahuishaji ni ya kina zaidi na watoto huichoka mapema, ingawa mchoraji ataipenda.

Sehemu ya Sarah Vowell, mwandishi anayemwigiza Violet kwa sauti, ni ya watu wazima na mnaweza kuiacha kwa siku nyingine. Lakini Mr. Incredible and Pals msiiache kabisa. Ni mfano wa katuni duni za zamani, zenye michoro isiyosogea na midomo ya watu halisi iliyobandikwa juu yake, na unaweza kuitazama pamoja na maoni ya Mr. Incredible (yaani Bob) na rafiki yake Frozone, shujaa mweusi, ambao wanajifanya wanaiona kwa mara ya kwanza. Frozone anagundua kwamba amechorwa kama mtu mweupe, na hasira yake inachekesha sana ingawa inagusa jambo la kweli kuhusu namna watu weusi walivyotendewa katika michoro ya zama hizo.

Mtazamaji_Mpya

Nawashukuru wote kwa maelezo. Mimi natazama kwa intaneti na ninaridhika: picha ni safi, hakuna diski ya kukwaruzwa, na Jack-Jack Attack na Boundin' ninazipata kama filamu zinazojitegemea. Je, kuna haja ya diski kweli?

FundiDeki

Ndugu Mtazamaji_Mpya, kwa filamu peke yake hukukosea. Lakini maelezo ya mwongozaji, michoro iliyokataliwa na mapambo ya menyu ndivyo vinavyopungua mara nyingi kwenye huduma za intaneti, na kilichopo leo huweza kuondolewa kesho bila wewe kuulizwa. Filamu fupi ikikaa peke yake pia hupoteza jirani yake, kwa sababu mtoto anayeikuta Jack-Jack Attack kwenye orodha ndefu hajui kwamba ni kipande kilichokosekana cha usiku ule ule.

Kuhusu 4K, iliyotoka Juni 2018 siku chache kabla ya filamu ya pili kuingia kwenye sinema, faida yake kubwa machoni pangu ni mwanga na rangi. Ukuta wa lava ulioko kwenye makao ya Syndrome unawaka kweli, na ngao za Violet zinang'aa bila kufifisha kilicho nyuma yake. Hata hivyo, inahitaji runinga na deki zinazoikubali. Kwenye matoleo ya namna hii, nyongeza kwa kawaida hukaa kwenye diski za Blu-ray zinazoambatana nayo, kwa hiyo hesabu diski zilizotajwa kwenye jalada kabla ya kulipa.

MamaPacha

Hapo kwenye kuhesabu diski nina ushuhuda. Niliwahi kununua nakala iliyotumika kwa muuzaji mmoja, jalada likiwa zuri na kitabu kidogo kikiwa ndani, na nilipofika nyumbani nikakuta kishikio cha diski ya pili kiko tupu. Pacha walikaa mbele ya runinga wakimsubiri Kari ambaye hakuwepo. Tangu siku hiyo mimi hufungua kasha papo hapo, naitoa kila diski, naielekeza kwenye mwanga na kuutazama upande wake wa chini.

Niongeze pia kwamba filamu ya pili, ya 2018, imefuata desturi ile ile. Nakala yake ya nyumbani ina Auntie Edna, filamu fupi inayoonesha usiku ambao Edna alibaki na Jack-Jack akimtengenezea vazi. Mkiiweka kando ya Jack-Jack Attack, mnapata walezi wawili wa mtoto mmoja: mmoja anashindwa na kuchoka, mwingine anasisimka na kufungua karakana yake.

KitiChaMbele (mleta mada)

Nimewasoma wote kwa makini na nimefanya uamuzi. Nitanunua Blu-ray, kwa kuwa imebeba sehemu kubwa ya nyongeza za 2005, inayo pia mazungumzo ambamo Bird na wenzake wanaikumbuka kazi yao baada ya miaka kadhaa, na deki yetu inaikubali. Diski ya pili ya DVD yetu haina mkwaruzo, hivyo nitaitunza kwa ajili ya menyu na vilivyofichwa. Jumamosi tutaanza na Boundin', kisha filamu nzima, na Jack-Jack Attack mara tu baada yake wakati sauti ya Kari ingali masikioni. Michoro aliyoieleza Penseli tutaitazama Jumapili asubuhi, daftari likiwa mezani. FundiDeki, limebaki swali moja: diski ya Blu-ray iliyonunuliwa Marekani itacheza kwenye deki iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya?

FundiDeki

Angalia herufi iliyo nyuma ya jalada. Marekani iko katika eneo A, Ulaya na Afrika ziko katika eneo B, na diski iliyofungwa kwa eneo moja hukataliwa na deki ya eneo jingine. Ukiona A, B na C zote zimechapishwa pamoja, nunua bila wasiwasi. Diski za 4K hazina kizuizi hicho, lakini Blu-ray zilizomo ndani ya kasha lake zinaweza kuwa nacho, na nyongeza zako ndimo zilimo.