Wajukuu wa Babu (bila Shangazi)

08:05 Dada Mkubwa: Shikamoo Babu. Wengine habari za asubuhi. Shangazi anatimiza miaka 60 tarehe 14, anastaafu. Amekanyaga milima yote ya Mtae kwa miguu, kasha la chanjo begani. Tuko 19 humu, waliochanga ni watatu!

08:31 Mama Mapacha: Mimi nilituma jana dada.

08:32 Dada Mkubwa: Wewe ni kati ya hao watatu mdogo wangu, asante. Nataka tukodi Kosta tupande wote. Dereva anataka jibu leo kabla ya saa kumi.

09:10 Kitinda: Lile kasha la bluu atalirudisha kazini? 😂 Nilificha soda mle, mgongo bado unakumbuka

09:12 Binamu Dar: 😂😂 "Humu ni nyuzijoto 2 mpaka 8, siyo friji la mama yako!"

09:20 Mama Mapacha: Na mizani yake pale kwenye mparachichi. Doto ananing'inia anarusha miguu, mvua inaanza, kadi inalowa, Shangazi anaifuta kwa kanga ndipo aandike kilo.

09:21 Dada Mkubwa: Jamani KOSTA.

10:47 Kaka wa Korogwe: Mimi sichangi. Oktoba 2014 tunamzika Bibi, yeye yuko vijijini na kampeni ya surua-rubella. Amefika udongo umeshakauka. Siku zote watoto wa watu kwanza, sisi baadaye.

10:49 Dada Mkubwa: Kaka, hili tulilimaliza kwenye arobaini. Siyo hapa.

10:49 Kaka wa Korogwe: Mlilimaliza nyinyi.

13:16 Kitinda: Babu nimemsomea yote. Anasema niandike anavyosema, nisiongeze neno:
Bibi yenu alizika watoto wawili kwa surua kabla hajamzaa huyo mnayemsema. Siku ile alinipigia simu analia, anataka kurudi. Nikamuuliza, wamebaki watoto wangapi huko? Akanitajia. Nikamwambia maliza ndipo uje, mama yako angekwambia hivyo hivyo. Aliyemchelewesha ni mimi. Mwenye lake aje kwangu.

14:40 Mama Mapacha: 🙏🏾

14:58 Binamu Dar: Dada nimetuma 20,000.

15:30 Dada Mkubwa: Nimeiona. Wengine?

17:22 Mjomba Mdogo: Nilikuwa shamba. Nani anastaafu?

18:03 Kaka wa Korogwe: Hiyo Kosta inapita Korogwe?

18:04 Dada Mkubwa: Inapita, kaka yangu. Ila dereva sasa hapokei simu.