Wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois: mbona mipaka ya 1996 na ya 2003 haifanani?

mwandishi_kando_ya_ziwa

Wakuu, salaam. Naandaa makala ya Kiswahili kuhusu wilaya ya 13 ya Seneti ya Jimbo la Illinois, ile aliyoiwakilisha Barack Obama kabla ya kwenda Washington. Nimekwama kwenye mipaka. Maandishi ya 1996 yanaitaja Englewood, ya 2003 yanaitaja Gold Coast, yote mitaa ya jiji la Chicago, na yote yanasema "wilaya ya 13". Ni wilaya moja au mbili? Halafu, kwa nini Obama aligombea 1996, akarudi 1998, kisha 2002? Mihula haina urefu mmoja?

RamaniTu

Mkuu, namba ni ileile ila ardhi imebadilika. Usiandike historia hii kwa orodha ya majina peke yake, utawaweka watu wa mitaa tofauti chini ya paa moja. Iandike ramani kwa ramani: iliyochorwa 1991 (ikaanza kutumika uchaguzi wa 1992), ya 2001, ya 2011 na ya 2021.

Utaratibu uko kwenye Katiba ya Illinois ya 1970, ibara ya 4, kifungu cha 3. Mwaka unaofuata sensa, Bunge la jimbo linatakiwa kuchora ramani mpya. Isipopatikana hadi Juni 30, inaundwa tume ya watu 8, wasiozidi 4 kutoka chama kimoja, na mpango unahitaji kura 5. Umeona tatizo lilipo: 4 kwa 4, hakuna wa kuamua. Tume ikishindwa kufikia Agosti 10, Mahakama ya Juu ya Illinois inateua majina 2 ya watu wa vyama tofauti, na kufikia Septemba 5 Katibu wa Jimbo anachagua moja kwa bahati nasibu. Huyo anakuwa mjumbe wa 9, na chama chake ndicho kinachochora.

Waliotunga katiba walidhani hofu ya kupoteza kila kitu ingewalazimisha watu kupatana. Haikuwa hivyo. Bahati nasibu ilichezwa 1981 wakashinda Democrats, 1991 wakashinda Republicans, 2001 wakashinda tena Democrats. Mwaka huo wa 2001 Katibu wa Jimbo Jesse White alichomoa jina kutoka kwenye kofia ndefu ya mtindo wa Abraham Lincoln. Karatasi moja ndani ya kofia iliamua siasa za miaka 10, na kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wa makala yako ulipo.

Ramani ya 1991 iliipa wilaya ya 13 Hyde Park na South Shore upande wa ziwa, ikasogea magharibi hadi sehemu za Englewood. Ya 2001 ilibaki na Hyde Park lakini ikaacha mitaa ya magharibi, ikapanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan, kupitia katikati ya jiji hadi Gold Coast, mtaa wa matajiri. Maandishi yako yote mawili yapo sahihi, kila moja kwa ramani yake.

Usisahau matokeo yake Springfield, makao makuu ya jimbo. Chini ya ramani ya 1991 Seneti ilikuwa ya Republicans, na Obama alikaa upande wa wachache tangu Januari 1997. Baada ya uchaguzi wa 2002 Democrats walipata wingi, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na miswada ya Obama ikaanza kupita, ukiwemo ule wa kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji.

Kuhusu mihula: wilaya zote 59 zimegawanywa makundi matatu ili Seneti isibadilike yote kwa mkupuo mmoja. Kundi moja linakwenda miaka 4-4-2, jingine 4-2-4, jingine 2-4-4. Wilaya ya 13 wakati ule ilikuwa 4-2-4: uchaguzi wa 1992, 1996, 1998. Mwaka 2002, kwa kuwa ramani ilikuwa mpya, viti vyote 59 viligombewa.

Hesabu_za_Kura

Naongezea takwimu. Ukubwa wa wilaya ni idadi ya watu wa Illinois gawanya kwa 59. Sensa ya 1990 ilihesabu watu 11,430,602, kwa hiyo wilaya moja ni kama 193,739. Ya 2000 ilihesabu 12,419,293, yaani 210,496. Ya 2020 ilihesabu 12,812,508, yaani 217,161. Msingi wake ni hukumu ya Reynolds v. Sims ya 1964: wilaya za mabunge ya majimbo lazima zikaribiane kwa idadi ya watu. Kenya, ibara ya 89 ya Katiba inaruhusu eneo bunge kupishana na wastani kwa hadi asilimia 40 mijini na penye watu wachache, na asilimia 30 kwingine. Kwa Illinois hilo haliwezekani, ndiyo maana mstari unapita hata katikati ya mtaa.

Kila wilaya ya Seneti ina wilaya 2 za Baraza la Wawakilishi la jimbo ndani yake. Kanuni ni rahisi: zidisha namba kwa 2 upate ya pili, toa 1 upate ya kwanza. Wilaya ya 13 ina ya 25 na ya 26. Kanuni hii usiipeleke nyuma ya uchaguzi wa 1982. Kabla ya hapo Baraza lilikuwa na wajumbe 177, watatu kila wilaya, na mpiga kura alikuwa na kura 3 ambazo angeweza kumpa mtu mmoja zote. Marekebisho ya katiba ya Novemba 1980 ndiyo yaliyolishusha hadi 118.

Bi_Karani

Kipande cha 1995-96 ndicho watu hukikosea. Mtiririko ni huu: Richard Newhouse alikuwa seneta tangu 1967. Alipoondoka 1991, Alice Palmer aliteuliwa kujaza nafasi. Mwaka 1995 Palmer aliamua kugombea Bunge la Marekani, wilaya ya 2, iliyoachwa wazi na Mel Reynolds. Obama akaingia kugombea kiti cha Seneti. Novemba 28, 1995 Palmer akashindwa na Jesse Jackson Jr. kwenye mchujo, akarudi kutaka kiti chake cha zamani wakati tarehe ya mwisho ya fomu ni Desemba 18.

Ili jina liingie kwenye kura ya mchujo, zilihitajika sahihi 757 za wapiga kura wa wilaya. Palmer aliwasilisha 1,580, zinazotosha ukizitazama kwa idadi. Upande wa Obama ukaweka pingamizi, sahihi zikakaguliwa moja moja, zilizobaki halali hazikufika, na Januari 1996 Palmer akajiondoa. Wapinzani wengine kwenye mchujo nao waliondolewa kwa njia hiyohiyo.

Sahihi hufutwa kwa sababu hizi: aliyetia sahihi hajaandikishwa kwenye anwani aliyoiandika, anaishi nje ya wilaya, pengine kwa upana wa barabara moja tu, ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya sahihi iliyo kwenye kadi yake, mke amemtilia mume. Karatasi nzima nayo inaweza kuanguka ikiwa kiapo cha aliyeizungusha hakikuthibitishwa na mthibitishaji. Sahihi zinazokusanywa kwa siku chache huwa na makosa mengi ya aina hii, ndiyo maana wazoefu huleta mara mbili au tatu ya kiwango. Siku hizi kiwango cha kawaida kwa mchujo wa Seneti ya jimbo ni sahihi 1,000 hadi 3,000.

mwandishi_kando_ya_ziwa

Asanteni sana. Na baada ya 2004? Naona Kwame Raoul na Robert Peters wote waliingia bila uchaguzi.

Bi_Karani

Kiti kikiwa wazi, katiba inataka kijazwe ndani ya siku 30 na mtu wa chama kilekile. Wanaoteua ni viongozi wa chama wa wodi zilizo ndani ya wilaya, na uzito wa kura ya kila mmoja unategemea kura zilizopigwa kwenye mchujo wa chama sehemu yake. Raoul aliteuliwa Novemba 2004 Obama alipochaguliwa Seneti ya Marekani. Peters aliteuliwa Januari 2019 Raoul alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Zikisalia zaidi ya miezi 28 za muhula, mteule anakaa hadi uchaguzi mkuu unaofuata tu, zikisalia pungufu anaumaliza.

RamaniTu

Kwa mipaka yenyewe, pakua bure faili za ramani za TIGER za Idara ya Sensa ya Marekani. Illinois ni msimbo 17, wilaya za Seneti zina alama "sldu" na za Baraza "sldl". Zipandishe ramani za miaka tofauti juu ya nyingine kwenye QGIS (programu ya kompyuta ya ramani), ya zamani chini. Angalia mwaka wa faili: ramani ya 2021 ilipitishwa kwanza kwa makadirio kwa sababu sensa ilichelewa, ikarekebishwa Septemba mwaka huohuo. Chukua iliyorekebishwa.